Mume Wangu Aliachwa na Meli, na Mimi Saa Nilikuwa Naijua

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima, na msaada ninaouomba nauhitaji kabla ya Ijumaa, mbele huko utaona kwa nini.

Mimi ni mshonaji wa mapazia na mume wangu ni mpiga king'ora wa kiwanda cha nyuzi, miaka ishirini na sita yeye ndiye anayebonyeza kile kitufe cha kuingia kazini, cha kula na cha kutoka, na hajawahi kukosea hata dakika, mpaka mtaani wanamwita Bwana King'ora na akipita majirani wanatazama saa zao kuona kama zina kasoro, kwa hiyo binti yetu anayefanya kazi ng'ambo alipotukatia safari ya siku kumi ya meli ya kitalii, huna haja ya kuuliza nani alishika ratiba.

Kero ilianzia uwanja wa ndege, maana tulikuwa na saa tisa za kusubiri ndege ya pili, mimi nikatafuta viti vitatu visivyo na vyuma vya katikati nikajinyoosha, yeye akasimama chini ya ubao wa ndege kama kaajiriwa pale, na kila nusu saa ananitikisa bega, "Mama, lango halijabadilika," namwambia sasa kama halijabadilika unaniamshia nini, ananijibu, "Nakuamsha ujue kwamba halijabadilika." Na melini ikawa hivyo hivyo, siku ya kwanza tu mezani alimsahihisha daktari wa meno mstaafu, mtu mzima na mvi zake, kuhusu saa ya chakula, na mimi kila nikifungua mdomo kuhusu muda nakatwa, "Mambo ya saa niachie mimi, wewe furahia safari."

Sasa siku ya tano tuliingia bandari moja ya kushinda mchana, na asubuhi kipaza sauti cha chumbani kikatangaza kwamba mji ule uko nyuma yetu saa moja, lakini meli haibadilishi saa yake, abiria tusiguse saa zetu na wote tuwe tumerudi saa kumi na nusu kwa saa ya meli, mume wangu alikuwa bafuni ananyoa ndevu na bomba amefungulia, nikamgongea mlango nikamwambia, "Wamesema kuhusu saa," akajibu, "Nimeijua ratiba kabla yao," basi nikanyamaza. Tulipofika geti la bandari akaona saa kubwa ya jengo la forodha, akailinganisha na yake, akatingisha kichwa kwa kuwasikitikia watu wa pale, "Huku wako nyuma saa nzima," akairudisha saa yake kwa makini, vidole viwili, mimi nimesimama karibu yake kama kivuli, na hapo, mshauri, nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu, sikuyasema. Nilijiambia leo atajifunza.

Miguu ikaniuma nikarudi mapema na basi la meli, yeye akabaki dukani kwa fundi saa mmoja waliyependana ghafla ingawa hawakuwa na lugha moja, walikuwa wanaonyeshana springi. Ilipofika saa kumi na nusu nikaanza kupata joto, nikasema atatokea, ikafika saa kumi na moja kasoro, ngazi ikavutwa, na abiria wakajazana juu kwenye reli kuangalia waliochelewa, inaonekana ni mchezo wao, wakimwona mtu anakimbia wanapiga makofi. Wakaja vijana wawili mbio, wakapigiwa makofi, mlango wa chini ukafunguliwa wakavutwa ndani. Kamba zikafunguliwa. Ndipo akatokea wangu. Hakimbii. Anatembea na mikono nyuma kama anakagua kiwanda, akasimama akafuta miwani, akatazama saa yake, akaridhika, akatupungia mkono. Watu mbavu hawana. Mke wa daktari wa meno akaniuliza, "Huyo si mzee wako?" nikasema, "Anafanana naye." Akasema, "Mbona hakimbii?" nikamjibu, "Kwake bado mapema," na nikacheka, mshauri, nilicheka mpaka nikashika reli, na meli ikapiga honi yake ndefu ndipo nikamwona anaelewa, alishusha ule mkono taratibu.

Pasipoti yake walikuwa wameishusha kwa wakala wa meli, akalala huko siku mbili, akaunganishwa ndege mbili akatukuta bandari iliyofuata, na shati lile lile na mswaki kwenye mfuko wa plastiki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wakala kasema tulitangaziwa wote, mimi sikumbuki. Nimezeeka, mama. Nilitazama saa nikaona kitu ambacho hakipo."

Tangu turudi ameivua saa, iko droo ya vijiko. Kazini anamwomba mlinzi asimame naye wahesabu dakika pamoja. Binti akalazimisha apelekwe hospitali, daktari akampa karatasi achore uso wa saa na mishale, kipimo cha wazee wanaosahau, akachora safi kuliko ile ya ukutani, halafu akauliza, "Hii ni ya mjini au ya melini?" Daktari akacheka akidhani ni mzaha. Majibu yakatoka hana kitu, ila yeye anasema madaktari wanamficha. Sasa ameandika barua ya kuacha kazi, na Ijumaa anampelekea meneja.

Dada yangu anasema, "Funga mdomo wako, mambo yamepita, ukisema utavunja nyumba." Na nikuungamie la mwisho maana nimeshafika hapa, mwanzoni nililipenda jambo hili, miaka ishirini na sita sijawahi kuulizwa saa ngapi na mtu huyu, sasa ananiuliza kwa upole, na mimi namjibu kwa madaha. Binti ametukatia safari nyingine, mume wangu anasema, "Nenda na dada yako, mimi nitakuchelewesha." Nifanyeje?

Mimi,
Niliyenyamaza

*

Niliyenyamaza, pole. Pole hiyo ni ya miguu. Ya mengine tutaangalia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilicheka pale uliposema anafanana naye. Nakiri ili usidhani nimekaa kwenye kiti kirefu nikihukumu. Kucheka si kosa lako kubwa. Watu walio salama huwacheka walio mashakani, ndiyo maana wanajazana kwenye reli. Na kunyamaza getini pia nakuelewa: ulikatwa kauli siku tano mfululizo, na mtu asiyeambilika mwisho haambiwi. Hilo ni lake, na siku yake ya kuambiwa itafika.

Lakini wewe mama, kuna kumfunza mtu adabu kwa mchana mmoja, na kuna kumwacha aende hospitali kupimwa ubongo huku wewe umekaa kwenye benchi la kusubiria na jibu mkobani. Daktari anachunguza kichwa cha mumeo, kumbe ugonjwa ni bomba la bafuni na mdomo wako! Anaomba mlinzi amhesabie dakika. Mlinzi! Na wewe unamjibu saa ngapi kwa madaha. Hapo nimeshindwa kukutetea.

Mumeo hakuona kitu ambacho hakipo. Aliona saa ya forodha, ilikuwa sahihi, akairekebisha yake sawasawa. Kwa mji ule alikuwa amewahi nusu saa nzima. Alikosa habari moja tu, na habari hiyo ulikuwa nayo wewe.

Dada yako anaogopa nyumba kuvunjika. Mwambie nyumba ambayo mzee mmoja anaamini akili imemtoka, na mwenzake anajua haijamtoka, hiyo tayari ina ufa, mmeutundikia pazia tu.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Kwa hiyo sikiliza. Leo, kukiwa bado mchana, mkae mezani, redio izimwe. Mwambie: nilisikia tangazo asubuhi ile kwamba saa zisiguswe, nilikuona getini ukiirudisha yako, nilinyamaza makusudi. Basi. Usiongeze "lakini na wewe ulinikemea." Ni kweli, ila leo si zamu yake. Hilo la kukatwa kauli litunze mwezi mmoja, halafu uliseme peke yake, nalo lipate siku yake. Kuhusu kucheka, akiuliza, mjibu kweli. Asipouliza, usimchoree picha. Binti naye apigiwe simu aambiwe, maana yeye ndiye aliyehangaika na hospitali.

Safari ya pili nendeni pamoja, na sababu si mapenzi tu. Mtu anayesimama saa tisa chini ya ubao wa ndege ni kero, nakubali, lakini malango hubadilishwa kweli, na siku lenu litakapobadilika utamshukuru. Ila mgawane kazi: yeye ashike ratiba, wewe ushike matangazo, na tangazo likitoka bomba lifungwe kwanza. Fikeni mji wa kupandia meli siku moja kabla, msitegemee ndege ya asubuhi ile ile. Dawa na nguo ya kubadili ziwe begi la mkononi, maana mabegi makubwa yana safari zao. Kila mnaposhuka, kila mmoja awe na nakala ya pasipoti na namba ya wakala wa meli mfukoni mwake, si mfukoni mwa mwenzake, na muulize pale pale ngazini saa ya kurudi ni kwa saa ya nani. Hili la mwisho nawaambia na wasomaji wengine mnaofunga mabegi, maana najua wapo wanaojidai.

Sasa weka gazeti chini. Unaogopa atakasirika, na mimi nakwambia omba akasirike. Apandishe sauti, agonge meza, akununie mpaka Jumapili kama atataka. Mtu anayekukasirikia wewe ameacha kujitilia shaka mwenyewe, na mtu huyo hapeleki barua kwa meneja Ijumaa.