Kaske Nyeusi ya Yaya Ramazani

Jumapili jioni, mwezi wa kumi

Mawingu yamekaa juu ya Kolwezi tangu adhuhuri na mvua haitaki kushuka. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari. Nimeshaoga mara mbili, na bado kitambaa nikijipangusa kinatoka na rangi ya matofali.

Mezani kwangu kuna kaske mbili za baiskeli, zile kofia ngumu za kukinga kichwa. Nazitazama kama hakimu anavyotazama watu wawili ambao kila mmoja amekuja na mashahidi wake.

Mimi ni Faida. Ninashona sare za shule, na Jumapili ninapanda baiskeli ya milimani na rafiki yangu Clarisse, mwalimu wa shule ya msingi. Tunatoka mapema, tunapita upande wa Mutoshi, tunafuata vijia vya wachoma makaa hadi kwenye miinuko inayotazama maji ya Nzilo. Kupanda ni jasho, kushuka ni mawe. Watu wanashangaa: mwanamke mwenye watoto wakubwa, mwenye kitambaa kichwani, anashuka mlima kwa baiskeli na hana hata gunia la makaa! Ningekuwa na gunia, hakuna ambaye angeuliza kitu.

Mwezi uliopita nilianguka. Gurudumu la mbele lilikwama kati ya mawe, nikaruka juu ya usukani, nikatua kwa bega na kichwa. Nilisimama, nikacheka, nikaanza kutafuta kiatu changu. Clarisse hakucheka. Alinivua kaske akaigeuza. Povu gumu la ndani lilikuwa limepasuka kutoka karibu na sikio hadi kisogoni.

"Iyi imekufa, Faida," aliniambia. "Imekufa pa nafasi yako. Usiivale tena ata siku moja."

Ndipo nikaanza kutafuta nyingine. Na ndipo nikaacha kumwamini mtu.

Muuzaji wa kwanza sokoni alinionyesha kaske nyekundu inayong'aa. "Mama, iyi ni ya Ulaya, ya kweli kweli!" Nikaingiza kidole gumba kwenye povu, likabonyea kama andazi la moto. Nikabandua lebo ya ndani kwa ukucha, chini yake kukawa na lebo nyingine, yenye mwaka wa zamani. Halafu nikatazama mkanda wa kidevuni. Kazi yangu ni uzi. Ule mshono haukurudiwa mwishoni ili uzi usifumuke. Ni mshono wa kuuzia, si wa kushikilia kichwa cha mtu. Nikauvuta kidogo tu. Ukafumuka wote.

"Mama, unaharibu bitu ya batu!" akapiga kelele, na watu wakageuka kunitazama mimi.

Wa pili alinipa kofia ngumu ya mgodini, akaniapia kwamba inatosha, kwa kuwa wachimbaji wanaivaa kila siku. Nikamwambia wale wanaogopa jiwe litakalowaangukia. Mimi ndiye ninayeliangukia jiwe. Hakunielewa, au alijifanya.

Katikati ya wiki hii Clarisse akaja na boksi. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake vyote, na kati yake kulikuwa na kaske ambayo bado ilikuwa ndani ya plastiki. Ni ya kijivu, ya wazi usoni, ya vijia hasa: inashuka nyuma hadi kufunika kisogo, ina ukingo mfupi wa kuzuia jua na matawi, na nyuma kuna kigurudumu kidogo cha kuzungusha mpaka ikushike vizuri. Nilivaa kitambaa changu chepesi cha pamba, nikasogeza fundo lishuke shingoni, nikavaa kaske juu yake. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekataa mchumba. Haikusogea.

Lakini kwa nini mtu aache kitu kipya?

"Juu alikuwa muoga," Clarisse alisema. "Alinunua velo, baiskeli ya bei, alinunua kaske, hakupanda ata siku moja."

Nikatazama lebo. Nikatazama mishono. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia povu kila upande, na Clarisse akiwa amekaa pale pale. Alichukia kidogo, niliona. Rafiki yangu wa miaka mingi, nami namkagua kama askari wa mpakani.

Sikupata kosa lolote. Nilikuwa karibu kutulia.

Ijumaa, baada ya swala, akaja kaka yangu mkubwa, yaya Ramazani.

Yaya ni msafirishaji. Malori yake yanakwenda Sandoa na kurudi na mahindi na mihogo, na kwenye jumuiya yetu ya watu waliotoka Maniema hakuna asiyemjua. Tangu nianze kupanda, hajawahi kutamka neno baiskeli mbele yangu. Anasema "ile kitu". "Bado uko na ile kitu?" Ni hayo tu, halafu anaulizia watoto.

Ijumaa aliingia na boksi kubwa kutoka Zambia, akaliweka juu ya mashine yangu ya kushonea.

"Vala," akasema.

Ilikuwa kaske nyeusi, ile inayofunika kichwa chote pamoja na taya, kama ya watu wa pikipiki lakini nyepesi zaidi, yenye matundu. Ndani yake kulikuwa na miwani mikubwa ya vioo vyeusi. Nilipovaa vyote na kujitazama kwenye kioo cha wateja, hakukuwa na Faida pale. Kulikuwa na mdudu.

"Muzuri," yaya alisema, akaondoka bila hata kunywa maji.

Niliikagua mpaka magharibi. Mishono ya mkanda ilikuwa imerudiwa mara mbili. Povu lilikuwa gumu. Lebo ilikuwa moja, na mwaka wake wa karibuni. Kitu halisi, kizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Ingekuwa ya bandia ningeelewa: ameona kitu cha rahisi njiani, amenunua ili tu ainyamazishe nafsi yake. Lakini mtu anayechukia jambo lako hahangaiki hivyo kukutafutia kitu bora cha kulifanyia. Yaya alitaka nini?

Leo asubuhi nikaivaa ili nijue.

Kwenye mwinuko wa kwanza tu ilikuwa mateso. Pumzi yangu ilinirudia mwenyewe, miwani ikafanya ukungu, jasho likaniingia machoni. Kaske ya namna ile ni ya kushuka, haikutengenezwa kwa mtu anayepanda polepole kwenye jua la Oktoba. Hilo lilikuwa wazi kabla sijafika mbali.

Tulipopita Mutoshi vijana wachimbaji walikuwa wanabeba magunia yao kuelekea barabarani. Wanatoka kila pembe ya Congo, na kila Jumapili wananipigia kelele: "Mama velo! Tubebe!" Leo hakuna aliyeita mama. Mmoja alisema, "Kijana, kaza!" Mwingine akaniomba sigara.

Nikapita. Na nakiri hapa, kwa kuwa mahali pengine sitasema: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilipita mbele ya watu bila mtu kuwa na neno juu yangu. Nilikuwa baiskeli na miguu, basi.

Mbele kidogo, kijia kinapokutana na barabara ya Nzilo, mnyororo wa Clarisse ulitoka akasimama nyuma kuurudisha. Mimi nikasogea hadi barabarani kumngojea. Hapo palikuwa na lori lililopasuka tairi. Dereva alikuwa chini na jeki, na kivulini, juu ya jiwe, alikaa mzee wetu Tata Sefu, mshirika wa yaya katika kazi ya malori. Ananijua tangu nikiwa msichana. Nilimshonea suruali za wajukuu wake mwezi wa tisa.

"Weye kijana," akaniita, "munakuwaka na ule mwanamuke? Dada ya Ramazani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tulisikia aliisha acha velo. Ramazani mwenyewe alituambia. Banasema sasa anatulia ku nyumba." Akachukua fimbo akachora chora mavumbini. "Ni muzuri. Ndugu yake alikuwa anapata haya mingi."

Nilisimama pale na jasho likinitiririka mgongoni. Ningeweza kugeuza baiskeli na kuondoka. Asingejua kamwe.

Nikavua miwani. Nikafungua mkanda, nikavua kaske, nikarekebisha kitambaa changu.

"Shikamoo, Tata Sefu. Ni miye."

Alisimama haraka kuliko umri wake unavyoruhusu. Dereva aliinua kichwa kutoka chini ya lori, akatazama, akakirudisha chini upesi.

"Faida? Lakini... lakini Ramazani alisema..."

"Alisema lini, tata?"

"Ijumaa. Ku mulango ya musikiti."

Ijumaa. Aliwaambia watu nimeacha, halafu akatoka pale moja kwa moja akaniletea kitu cha kunifanya nisionekane.

Clarisse alipofika alikuta nimeshavaa kaske tena, bila miwani. Nikamweleza kwa maneno machache. Kwenye mteremko wote aliniacha nitangulie. Nilishuka vibaya, kwa hasira, breki zikilia, na kusema kweli ile kaske ilinishika kichwa kama mikono miwili ya mtu.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda kwa yaya nikiwa na vumbi langu hivyo hivyo. Alikuwa uani ananawa mikono ale. Mke wake aliniona uso, akaweka sahani mezani, akaingia ndani.

"Yaya, uliambia batu niliacha velo?"

"Nani alikwambia?"

"Ule uliyemuambia."

Aliendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa safi zamani.

"Kila Ijumaa bananiuliza, Faida. Kila Ijumaa! Ule mwanamuke tunaonaka ku barabara, njo dada yako? Nilichoka."

"Njo sababu ukaninunulia kaske ya kunificha."

"Hapana."

"Yaya, usinidanganye na miye pia."

Akakaa. Akatazama malori yake. Halafu akaanza kuzungumza juu ya Amisi, jambo ambalo halifanyi. Amisi alikuwa kaka yetu wa kati. Alikufa kwa pikipiki kwenye barabara ya Likasi, kichwa wazi, mwaka ambao mtoto wangu wa mwisho alizaliwa.

"Mi njo nilimuosha Amisi," yaya alisema. "Weye haukuingia. Haukuona. Mi nilishika kichwa yake mu hii mikono, na haikukuwa tena kichwa ya kushika." Aliinua mikono ile yenye maji, akaishusha. "Baliponiambia ulianguka kule Nzilo, sikulala. Nilituma dereva atafute kaske ya kushinda zote. Nilimuambia asirudi bila hiyo."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hasira yangu ilibaki imesimama, haina pa kukaa.

Lakini nilikuwa na swali moja, na nililitoa.

"Na ile miwani nyeusi, yaya?"

Alipangusa mikono yake kwenye suruali.

"Miwani ni ya batu," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya kichwa ni yako."

Namshukuru kwa jibu hilo kuliko kwa zawadi yenyewe. Niliweka miwani kando ya sahani yake. Nikamwambia kaske nyeusi nitaivaa, kwenye mteremko mkali, na miwani ya vioo vyeupe nitatafuta mwenyewe. Siku nyingine zote nitavaa ile ya kijivu, nipate kupumua na watu wapate kunisalimia. Nikamwomba jambo moja: awarudie wale aliowadanganya.

"Kesho nitabaambia," alisema.

Kesho. Nimekaa hapa na kaske zangu mbili, nimeshaamua ipi ni ya nini, na bado ninalipima neno hilo kama nilivyopima ile mishono. Naamini bado anamlilia Amisi. Naamini anaogopa kichwa changu kipasuke. Naamini pia kwamba angelala vizuri zaidi kama nisingeonekana tena barabarani. Vyote hivi viko ndani ya mtu mmoja, ndugu yangu, na sijui ni kipi kitakachoamka kwanza asubuhi.

Najiuliza na langu pia. Ile furaha ya pale Mutoshi, ya kutojulikana, ilitoka wapi? Je, na mimi nimeanza kuchoka, kama yeye?

Kila Jumatatu, kabla malori hayajaondoka, wazee hukusanyika mbele ya depo ya yaya kunywa chai. Tata Sefu huwapo. Kazi yangu ya asubuhi haiko upande ule, lakini nitapita huko. Kwa baiskeli, polepole, na ile kaske ya kijivu, uso wazi. Nitasema asalaam aleikum kwa sauti ya kusikika.

Kama yaya atakuwa ameshawaambia, wataitikia tu na kuendelea na chai yao.

Kama hajawaambia, watajua kwa kuniona.