Kofia Yako pa Bariyere

Juma ndugu yangu,

We mutu wa haraka, hata kahawa hukumaliza. Mi niko. Nazeeka vizuri, sura bado ya bwana harusi, mutaa wetu wa Buyenzi nzima hakuna muzee wa kunishinda. Usicheke.

Nimekuharibia, Juma.

Siku yako ya arubaini waliniambia, "Muzee Saidi, mulikuwa kama pua na mudomo, sema kitu juu ya marehemu." Nikasimama. Nikasema, leo natoa ile hadithi uliyonikataza: "Saidi, nikiwa hai usinitangaze."

Nikawaambia ile siku ya vita. Mi nimelala, muguu umevunjika, majirani wote wamekimbia. We ukaja kunichukuwa na ile baiskeli yako nyeusi. Vijana wamefunga barabara na matairi, bariyere kabisa, nawaona pa dirisha. Wakakupiga mawe, baiskeli ikaanguka. Ukasimama. Jiwe ingine likabeba kofia. Ukaendelea tu, kichwa wazi, unaisukuma, mupaka wakachoka kukupiga. Ukanitoa.

Juma, walicheka! Matanga yako nzima ikacheka. Mumoja akapanguza machozi: "Muzee, hiyo ni ya Haiti! Umetoa farasi, umetia baiskeli!"

Kosa ni yangu. Kile kitabu cha Kifaransa ulichonunua kule mutaa wa Asiatique, we ulinisomea mara moja. Mi nikaisimulia miaka na miaka pa kahawa. Vita ya Vertières, kule Haiti: watu weusi waliokuwa watumwa wanapanda kilima, mizinga ya Wafaransa inawamwagikia. Jenerali wao farasi inauawa chini yake, anaanguka, anasimama: "En avant! Mbele!" Risasi inabeba kofia yake, bado anapanda. Kila mara niliongeza chumvi. Mwisho hata mimi nilikuwa pale, nimeshika kamba ya farasi! We ulikuwa unasema tu, "Saidi, kwani ulizaliwa lini?"

Lakini yule jenerali alikuwa na bahati kukushinda. Wafaransa wenyewe walipiga ngoma, risasi zikanyamaza, mutu wao akatoka juu ya farasi kumusalimu. Adui alimushuhudia! Na siku ile weusi wakashinda, inchi ikawa yao. Wale vijana wa bariyere yako, wako wapi? Wengine wamekufa, wengine wamefunga kinywa. Umebaki na shahidi mumoja, na shahidi mwenyewe ni mimi.

Binti yako Zainabu hakucheka. Aliniuliza polepole, "Baba mudogo, ni kweli?" Nikaapa. Akasema, "Hata ile hadithi yako ya mamba uliapa." Akaenda kuosha sahani.

Ile ya mamba, Juma... basi.

Jana wakaniomba hadithi, nikasema apana. Nakuahidi, sipigi tena hata moja. Nitanyamaza mupaka wasahau kama mi ni mwongo, ndio nimuambie Zainabu tena, mara moja, bila chumvi. Hiyo inataka miaka, na miaka sina.

Mungu akupanulie kaburi, ndugu yangu. Kama kuna mutu huko anakuuliza, sema mwenyewe. We watakuamini.

Saidi