Ndovu Waliopita Penye Bustani

Mjukuu wangu Rukia,

Salaam aleikum. Huku Isiolo mvua imenyesha, alhamdulillahi, na mama yako amepona mguu. Umeniuliza kwa nini nilihangaika sana waliposema bustani ya umma hapa mtaani itagawanywa viwanja.

Zamani palikuwa malisho tu, na kidimbwi katikati. Siku moja mimi na dada yangu Halima tulikuwa tunanywesha mbuzi hapo, tukasikia matawi yakivunjika. Ndovu! Mbuzi wakatawanyika. Halima alikuwa na mimba kubwa, hawezi kukimbia.

"Nenda wewe," akaniambia.

Sikwenda. Nilimshika mkono, tukajibanza nyuma ya mgunga. Ndovu mmoja akaja na mtoto wake, akasimama karibu, masikio wazi, akitutazama. Halima alikuwa akiomba Mungu kwa sauti ndogo. Kisha yule mama akamsukuma mtoto wake kwa mkonga mpaka kwenye maji. Wakanywa, wakaenda zao.

Halima akacheka huku analia. "Naye ana mtoto wake," akasema.

Baba aliwasimulia wazee, nao wakakubaliana hapo pasijengwe, wanyama wapate kupita. Baadaye ndipo pakawa bustani. Ndovu siku hizi wanapita mbali, lakini tumbili na ndege wamejaa.

Basi wiki jana tuliitwa kwenye baraza, tukaambiwa bustani inabaki. Halima, na uzee wake wote, alipiga vigelegele mpaka chifu akacheka. Mimi nilirudi nyumbani, nikalala kama mtoto.

Akko wako,
Nuria