Maumivu Uliyosema Yameisha

Dada Odilia,

Tangu tukuzike simwamini tena mtu anayesema amepona. Nilikuta maganda matupu ya vidonge vya maumivu kwenye mfuko wa sweta lako, mengine chini ya godoro. Mumeo anasema hakujua. Mlilala kitanda kimoja miaka minne baada ya upasuaji wako wa pili wa uzazi. Simwamini.

Mama mkwe wako anasema ni mkono wa mtu. Jirani anasema uliachiwa kitambaa tumboni. Daktari aliyekupokea ukitapika damu alisema ni vidonda vya tumbo, na vidonge vile, kwa jinsi ulivyovimeza, vilitosha kuvileta. Nikamuuliza kwa nini mshono uliendelea kuuma miaka yote hiyo. Hakutaka kuapa. Alisema hutokea, zaidi kwa aliyepasuliwa zaidi ya mara moja, kidonda kikiingia usaha, au maumivu ya siku za kwanza yakiachwa bila kutulizwa. Yote hayo yalikupata.

Kuhusu ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, hakusema kitu. Hapo nashuku mwenyewe. Wiki ya sita baada ya upasuaji, shemeji, mumeo, alikuwa ameshalaza nyasi shambani, na nyasi zikishalazwa, mwanamke ndiye wa kuchimba na kuzifukia. Mama mkwe akasema, "Kapasuliwa tumbo, hakupasuliwa mikono." Ukacheka, ukachukua jembe. Nilikuwepo. Nikakuuliza kama panauma. "Pamepona, mwandishi, kaandike mengine." Nikaenda kuandika mengine. Kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuuliza mara ya pili, dada. Wewe sikukuuliza.

Sasa ni mdogo wetu Fausta. Naye amejifungua kwa upasuaji. Mtoto ana miezi mitano. Jumapili, kanisani Kigonsera, nilimwona akiinuka kwenye benchi: kwanza mkono chini ya tumbo, halafu pumzi, halafu tabasamu. Nilipomuuliza akasema, "Aa, dada, pameshapona." Nikauliza tena. Akalia. Akasema hata kitenge kikigusa, panachoma. Aliogopa kuitwa mvivu.

Kesho nampeleka hospitali Mbinga, na nitaingia naye mpaka kwa daktari. Mumewe ameshalaza nyasi. Nimemwambia azifukie mwenyewe. Amenuna, anasema watu watamcheka. Wamcheke.

Pumzika, Odilia. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Huyu mdogo wetu sitamleta huko.

Mdogo wako,
Desderia