Pingamizi la Lameki

Kibaha, Picha ya Ndege
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama, na shikamoo nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepoa sasa baridi ya Lupembe ikianza kulegea. Vipi viazi, vimetoka vizuri? Na yule ng'ombe wa Kaka Ezekieli ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi huku sijambo. Joto nimelizoea, ingawa kuchomelea mageti saa nane mchana hapa Kibaha ni kazi ya kumkumbusha mtu jehanamu.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu ya nyumbani anaipokea Faraja, na wewe ukiishika unaweka sauti kubwa mpaka jirani anaitikia salamu. Haya ya leo nataka uyasome mwenyewe, kwa miwani yako, mlango umefungwa. Usimpe Faraja akusomee kama ulivyozoea. Zamu yake itafika, nitakuambia.

Uliniuliza kwa nini harusi imesogezwa mbele, nikakujibu kwamba tumekosa ukumbi. Nilikudanganya, mama. Harusi ilisimamishwa kanisani kwa pingamizi, na aliyeliweka ni Lameki.

Ndiyo, Lameki huyu huyu unayemwombea kila siku. Fundi pancha, ambaye kibanda chake kiko ubavuni mwa karakana yangu. Aliyenishika mkono akanipeleka kwaya anayoifundisha nilipokuwa sijui mtu hata mmoja hapa. Aliyekuja hospitali ya Tumbi kila asubuhi na uji kwenye chupa nilipopasuliwa kidole tumbo, akanifulia na nguo, na mikono yake ile yenye weusi wa matairi. Tabitha mwenyewe ni yeye aliyenikutanisha naye, maana wote wawili ni watoto wa Kisarawe na kati ya kwao Tabitha na kwao Lameki kuna shamba la mihogo tu. Nilikuwa nimeshamwomba awe msimamizi wa ndoa yangu, naye alikuwa ameshakubali.

Sasa nifike kwenye kidonda. Wewe ulidhani Tabitha anajua kuwa Faraja ni mwanangu. Hakujua. Nilimwambia ni mtoto wa Kaka Ezekieli. Uongo ulikuwa mwepesi mno, kwa sababu hata mtoto wa kaka unamwita mwanangu, nani angeshtuka? Niliogopa. Nilijiambia kwamba fundi cherehani wa hapa Mkuza mwenye heshima zake, binti wa mzee wa kanisa, hawezi kumtaka mwanamume aliyezaa nje ya ndoa, tena akamwachia bibi mtoto amlee. Nikasema nitamwambia baadaye. Baadaye ikawa mwaka, ikawa miwili.

Na kuna baya zaidi ambalo hulijui. Siku moja Tabitha aliomba kuongea na Faraja. Kabla hajafika karakana, nikampigia mtoto nikamwambia, "Ukiongea na Anti Tabitha usiniite baba. Sema baba mdogo." Akaniuliza, "Kwa nini, baba?" Nikamwambia ni mchezo. Akacheka, akakubali, na akaucheza vizuri kuliko nilivyotegemea.

Lameki alikuwa amekaa juu ya tairi anakula mihogo ya kukaanga. Alisikia kila neno. Akangoja nikate simu.

"Amosi, yule ni mwanao?"

Nikaokota brashi ya waya nikaanza kusugua geti.

"Basi mwambie Tabitha. Mwambie wewe, mimi simwambii."

Nikaahidi. Wiki zikapita. Tukaenda kwa mchungaji, majina yetu yakaanza kutangazwa. Unajua utaratibu wetu: ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi huambiwa aende ofisini kwa mchungaji. Baada ya tangazo la kwanza Lameki alinitazama tu. Baada ya la pili alikuja karakana, akazima mwenyewe mashine yangu ya kuchomelea ili nimsikie, akasema, "Kaka, Jumapili ijayo ni la tatu. Ukimwambia kabla, nitapiga vigelegele kuliko wanawake. Usipomwambia, naenda ofisini." Nilicheka. Nilijua hawezi. Mtu aliyekufulia nguo hospitalini atakuharibiaje harusi?

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, nilimwona kwa macho yangu anaingia ofisini na joho la kwaya bado mwilini.

Mchungaji aliniita kesho yake. Alionekana amechoka. Akaniambia, "Mwenzako anasema ipo sababu, na kwamba wewe unaijua. Nimemuuliza mara tatu, amekataa kuitaja. Anasema kinywa cha kuisema ni chako." Mama, mlango ule ulikuwa wazi kabisa. Ningesema pale pale, mambo yangekwisha kwa machozi kidogo. Nikamjibu mchungaji kwamba sijui lolote.

Habari ikatoka, kama unavyotujua watu wa kanisani. Mwalimu wa kwaya ameweka pingamizi na hataki kusema ni nini! Wakaanza kujaza wenyewe. Amekua na yule binti, kumbe alikuwa anamtaka yeye. Ndiyo maana mpaka leo hajaoa. Wanakwaya wakakaa kikao, wakamsimamisha kufundisha mpaka jambo lieleweke. Kisarawe nako, mama yake Tabitha akaacha kupita njia ya kwa mama yake Lameki, wazee walioazimana chumvi miaka yote. Na Tabitha aliponiuliza huku analia ni nini hiki, nilimwambia, "Labda ni wivu tu." Nayaandika maneno hayo mkono ukiwa mzito. Rafiki yangu alikuwa anatukanwa kwa siri yangu, na mimi nikaongeza kuni.

Neno moja tu lingemtoa Lameki kwenye aibu ile. Alikuwa nalo mdomoni, hakulisema. Wateja wake wa kanisani walipita kibanda chake wakaenda kujaza upepo kwingine, naye akawa anawasalimia vile vile. Jumapili alikaa benchi la nyuma na kitabu chake cha nyimbo. Kwaya bila yeye ilikuwa inavuta nyimbo kama mkokoteni unaopanda mlima, lakini sikumwona akitabasamu hata mara moja. Aliimba pamoja na watu wengine, basi.

Wiki ya pili nilikwenda kibandani kwake kugombana. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Nikamkuta ameinama juu ya daftari, ananakili nota za wimbo, do re mi zimejaa ukurasa, na alama za vidole vyeusi pembeni.

"Wimbo gani huo?" nikamuuliza kwa ukali.

"Wa harusi yako," akasema. "Sauti ya tatu bado haijakaa vizuri. Nikirudishwa, sawa; nisiporudishwa mtamkabidhi mwingine afundishe. Nimeandika kila kitu."

Mama, nilikaa chini kwenye vumbi. Maneno yote niliyoyapanga yaliniisha. Nikamuuliza, "Lameki, kwa nini hukusema tu? Ungesema, wangekuacha."

Akafuta kalamu kwenye suruali. "Ningesema mimi, wewe ungekuwa umekamatwa. Nataka useme mwenyewe, uwe umerudi. Ni vitu viwili tofauti."

Mimi ni fundi chuma. Najua ukichomelea juu ya kutu, geti litapendeza siku ya kulipeleka, halafu mwenye nyumba atalibamiza mara moja libaki mkononi. Najua hilo tangu nilipokuwa najifunza kazi, lakini ilibidi fundi pancha anionyeshe kwamba nilikuwa nataka kuifunga ndoa yangu hivyo hivyo.

Jumamosi mimi na Lameki tulikwenda Kisarawe, maana Tabitha alikuwa amekwenda kwao. Lameki alinisindikiza mpaka ukingo wa shamba la mihogo akasema atanisubiri kwa mama yake. Tabitha alikuwa uani anamenya mihogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye ile simu, kisu kikasimama.

"Siku ile aliponiuliza kama baba mdogo hajambo, alikuwa anajua wewe ni baba yake?"

"Alikuwa anajua."

"Mtoto wa miaka tisa, Amosi. Umemfundisha akukane ili mimi nikupende?"

Akaanza kulia, wala hakuwa ananililia mimi. Akaingia ndani. Baba yake akatoka, akanisikiliza, akaniambia kwa upole niende. Nilivuka lile shamba nikiwa na hakika nimempoteza. Lameki alinivutia kiti. Alinipa maji, tukapanda gari kurudi Kibaha, na njia nzima alikaa kimya karibu yangu. Ukimya ule ulinifaa kuliko mahubiri.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji ruhusa, nikasimama mbele ya usharika. Sikujua kama Tabitha yupo. Nikasema kwamba pingamizi lilikuwa halali, kwamba nina binti anaitwa Faraja, kwamba nilimficha, na kwamba Lameki amebeba wiki zote hizi mzigo ambao ni wangu. Nilikuwa nimeishika mimbari kwa mikono miwili. Kisha bibi mmoja wa umoja wa wanawake, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, akainuka akaenda benchi la nyuma, akamshika Lameki mikono yote miwili. Wengine wakafuata. Jioni hiyo hiyo kwaya ikamrudisha. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi? "Sauti ya tatu, nimewasikia Jumapili hizi mbili. Ni aibu tupu." Huyo ndiye Lameki.

Mama, nimekaa na watu wengi wanaonipenda kwa kunisifia. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kweli. Lakini huyu alinifaa pale nilipokuwa sina dhiki yoyote, nimevimba kwa furaha naelekea shimoni, na alikubali nimchukie ilimradi nisitumbukie. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na namwonea haya.

Tabitha alikuwepo kanisani. Alikaa siku nne bila kunitafuta. Siku ya tano alikuja karakana na tepu yake ya kupimia shingoni, akasimama mlangoni. Akasema, "Sijamaliza kukukasirikia. Lakini ndoa nitafunga, kwa sharti moja. Faraja awe benchi la mbele, na gauni lake nishone mimi." Majina yetu yanatangazwa upya, na leo limetoka la kwanza. Lameki ndiye msimamizi.

Kwa hiyo nakuomba, mama, mje. Kaka Ezekieli awalete. Gauni linahitaji vipimo: mpime mtoto kwa uzi, bega mpaka chini ya goti, kifua na kiuno, kata kila uzi ufunge fundo na umpe yule dereva wa lori aliyekuletea barua hii. Na unisamehe. Ulimlea mwanangu kwa ukweli, mimi nikamfunza uongo kwa simu.

Nisalimie Kaka Ezekieli na shemeji, umwambie kaka nimemrudishia rasmi idadi yake halisi ya watoto. Nisalimie Shangazi Tulizo, asisahau ngoma yake anayoifunga kitambaani akija. Nisalimie mwinjilisti wetu, naye atuombee.

Ukifika hapa, mama, fungua mlango umwite Faraja. Yanayofuata asome yeye, kwa sauti kama anavyosoma shuleni.

Faraja mwanangu,

Hujambo? Kuna siku nilikuambia tucheze mchezo, usiniite baba mbele ya Anti Tabitha. Haukuwa mchezo. Lilikuwa kosa langu mimi, na wewe huna kosa hata kidogo. Nisamehe. Anti Tabitha sasa anajua wewe ni nani, anakushonea gauni, kwa hiyo simama wima bibi akupime, usichezecheze. Yupo pia rafiki yangu, anaitwa Anko Lameki. Ukimwona msalimie vizuri sana, maana amekupigania kabla hajakuona.

Mtakaposhuka kwenye basi hapa Kibaha watu watakuwa wengi, na wa kanisani watakuwepo. Usinong'one. Ukiniona tu, niite kwa sauti yako yote.

Mimi, baba yako,
Amosi