Kitabu cha Docteur na mwanamke asiyesema

Wananchi wa Rumonge mnatangaziwa rasmi: leo, Jumatano, mimi nimemaliza kusoma kitabu. Chote. Hata zile kurasa za nyuma zenye majina ya vitabu vingine. Msishtuke, kazi ziendelee kama kawaida.

Joto limezidi, ziwa limelala, majirani wanapika mawese na nyumba yote inanuka, mimi pia.

Kitabu ni cha Docteur mmoja wa Bujumbura. Anachambua filamu zote za mzee aliyepiga picha maisha ya pwani yetu hii ya Tanganyika. Kikundi chetu cha wasomaji kimenipa kazi ya kukihakiki Jumamosi, mwandishi akiwa amekaa mbele yangu. Walinichagua kwa sababu filamu hizo nilizitazama utotoni, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilijivuna, sifichi.

Lakini kitabu hiki nakishuku.

Docteur anamaliza sura nzima akisifu ukimya wa mwanamke anayekoroga mawese huku akimngoja mumewe aliyevuka ziwa. Eti filamu inaisha hajafungua mdomo. Hajafungua mdomo! Mimi maneno yake nayajua kwa kichwa. Nikaandika: "Huyu Docteur hakuitazama filamu." Nikapigia mstari.

Jioni akaja dada yangu Spès. Nikamsomea uhakiki, nikaigiza na sauti ya yule mwanamke: "Rudi mikono mitupu, lakini rudi."

Dada akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sha Mwalimu, uko unaota? Yule mama iko kimya! Hiyo ni sauti ya Tharcisse."

Tharcisse, mtu wa maikrofoni. Katika ukumbi wa video wa kambi alikaa kando ya televisheni akitugeuzia kila filamu kwa Kiswahili, akibana sauti kwa wanawake, akinguruma kwa majambazi.

"Kama mama hasemi, Tharcisse alitafsiri nini?"

"Mimi najua? Jumamosi nakuja mapema, nikae mbele kabisa. Nataka kuona uso wako."

Alipoondoka nikaitafuta filamu kwenye simu. Kipande kipo. Nimekitazama, nimekirudia.

Kimya.

Nusura nimwite mwongo mtu aliyefanya kazi yake, tena mbele ya watu. Sasa najishuku mwenyewe: nimeona nini maishani, na nimesimuliwa nini?

Ile sentensi nimeifuta. Jumamosi nitamweleza Docteur ilivyokuwa, wacheke wakitaka. Siku ile ya filamu, wanaume kadhaa walikuwa wametoka kambini kurudi huku kuchungulia mashamba yao, na baba yetu alikuwa mmoja wao. Habari zake hatukuwa nazo. Kwenye televisheni yule mwanamke akaacha kukoroga, akatazama ziwa. Tharcisse hakuwa na neno hata moja la kutafsiri. Akamtazama mama yetu pale mkekani, kisha akaisogeza maikrofoni mdomoni.