Dakika Kumi za Octavian

Jumatatu, 3 Machi 2025

Aibu. Saa mbili asubuhi mlinzi ananipigia kutoka getini: kuna mzee amekuja kwenye kikao. Kikao kipi? Kikao cha wavuvi na wakulima ni kesho. Nashuka — Mzee Petro, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wa Mtera. Koti la suti, bahasha kwapani. Kaondoka kwao saa kumi alfajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona kimya, wengine wako wapi?"

Akanionyesha simu yake. Barua pepe ni yangu mimi: Jumatatu, tarehe 4. Siku ya leo, tarehe ya kesho. Nimeomba radhi hadi nikaishiwa maneno. Yeye kasema si neno, atapita chuo kikuu kumwona mjukuu wake, hawajaonana tangu Krismasi. Akaondoka akitabasamu. Mungu ambariki mzee yule. Angeweza kunigombeza mbele ya walinzi na ningestahili.

Mama Mwanasha, mkuu wa kitengo chetu, naye hakugomba. Kasema tu: "Violeth, wewe unatuma kwanza, halafu ndiyo unasoma."

Ni kweli. Miaka sita masijala ya ofisi hii ya maji, ndivyo nilivyo.

Jumanne, 4 Machi 2025

Octavian wa TEHAMA kaja mezani kwangu kabla ya kikao. Katumwa na Mama Mwanasha. Kabofyabofya, kaniambia: kuanzia leo kila barua pepe ninayotuma itabaki kwangu dakika kumi kabla ya kuondoka. Ndani ya muda huo naweza kuirekebisha au kuifuta.

Nimenuna. Mtu mzima, kuwekwa chini ya uangalizi kama mtoto.

"Siyo adhabu, dada," kasema. "Mimi ninazo dakika hizo tangu siku nilipomtumia mkurugenzi picha za kipaimara cha binti yangu badala ya ripoti."

Nikacheka bila kupenda.

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Nimetoka misa moja kwa moja ofisini, majivu usoni. Mama Mwanasha yuko kwenye Ramadhani. Leo hakuna aliyewasha birika.

Dakika kumi zimeninasa mara tatu! Kiambatanisho nimesahau. Erica wa Manyoni nimemwandikia "Bwana Eric". Na hii mbaya zaidi — "ukarabati wa mabwana" badala ya mabwawa. Ilikuwa iende mikoa mitatu.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Niandike kwa mpangilio.

Wiki iliyopita alikuja Mama Tereza Matonya, mjane, mkulima wa mpunga kutoka Bahi. Malalamiko yake: katibu wa skimu yao ya umwagiliaji, Cornel Mazengo, anafunga maji yasifike kwenye majaruba ya wajane, anayaelekeza kwa ndugu zake. Mjane mwenzake mmoja alilisema jambo hilo mkutanoni mwaka jana. Wiki ileile ng'ombe wakaingizwa jarubani kwake. Hakuvuna hata debe. Kwa hiyo Mama Tereza alikubali kutoa maelezo kwa sharti moja, jina lake lisimfikie Cornel. Aliyemwahidi ni mimi. Nilimshika mkono kabisa.

Leo Mama Mwanasha kaniagiza niyapeleke maelezo yale kwa mwanasheria wetu. Naye anaitwa Cornel — Cornel Ulimboka. Nikaandika herufi tatu za kwanza, kompyuta ikamalizia jina yenyewe, nikabofya "tuma", nikatoka kwenda kuchukua jalada.

Niliporudi nikaifungua kuisoma. Wala sikuwa na wasiwasi, ni mazoea tu ya siku tatu hizi. Juu pale: Cornel Mazengo. Tulimwandikia mwezi uliopita kuomba ratiba ya maji, ndiyo maana anwani yake imo. Na chini yake kila kitu. Jina la mama, kitongoji chake, sahihi yake ya herufi kubwakubwa.

Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Nimefuta. Nikakagua. Nikakagua tena. Nikaingia chooni nikalia. Kisha nikaenda kwa Octavian kumshukuru, nikabaki nimemshika mkono. Akaniuliza kama nimefiwa.

Sikufiwa. Ahsante Mungu, ahsante Octavian.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimemwambia Mama Mwanasha. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeona. Jumapili nzima nimezunguka na siri hii nyumbani Ipagala, nafua, napika, nguo hazitakati, chakula hakina chumvi. Bora kusema.

Kasikiliza hadi mwisho. Kavua miwani.

"Ungenyamaza nisingejua," kasema.

"Najua, mama."

Kaagiza maelezo yaandikwe upya, namba badala ya jina. Nikadhani yameisha, nikainuka. Akasema: "Na Mama Tereza mwenyewe umwambie. Jina ni lake."

Nilikuwa namshukuru kwa kutonifukuza. Sasa sijui nimshukuru kwa hili pia au vipi.

Jumatano, 12 Machi 2025

Nimempigia Mama Tereza. Atakuja kesho kusomewa maelezo mapya na kusaini fomu ya kukubali yaende kwa mwanasheria, kisha wilayani. Hilo lingine sikuthubutu kulisema kwenye simu.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Saa sita na nusu. Naandika hapahapa mezani, Mama Tereza yuko nje kwenye korido.

Kafika saa nne. Bodaboda hadi barabarani, kisha basi. Tope la Bahi limekauka kwenye viatu vyake. Nikamkaribisha kiti, nikamweleza yote. Herufi tatu, majina mawili, dakika tatu. Hakupandisha sauti. Aliomba nimwonyeshe ni wapi nilipobofya. Nikamwonyesha. Akapatazama muda mrefu.

"Hicho kinachosubiri," kasema, "ni cha kwako peke yako?"

"Mimi na Octavian, mama. Yule aliyeniwekea."

"Na mwanasheria? Naye akiituma mbele, ya kwake inasubiri?"

Nikampigia Octavian palepale. Kasema atamwekea mwanasheria leo hii, lakini ikishafika wilayani hana mamlaka na kompyuta ya mtu. Nikamwambia mama hivyohivyo, bila kupunguza. Nikamwambia pia kwamba jina sasa halimo, ila skimu yao ni ndogo, mtu akitaka kubahatisha atabahatisha.

Kasema: "Umenieleza, mwanangu. Ungeweza kunificha nikasaini."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini ni mimi niliyesema ahsante.

Nikamsomea maelezo mapya, nikasogeza fomu. Kaishika kalamu, akairudisha juu ya karatasi. Kasema ngoja kwanza atoke azungumze kwa simu na Ruthu, binti yake, kwa sababu jaruba ni lao wote wawili.

Sasa robo saa imepita. Mlango upo wazi. Anaongea Kigogo, polepole, kisha haraka, kisha anasikiliza. Mimi mtu wa Bukoba, Kigogo sikijui. Neno ninalolielewa ni jina langu tu. Amelitaja mara mbili.